Sumukuvu, Sheria na Gunia la Mkulima Mdogo

Katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mnunuzi asiyeliamini gunia halifungui. Hulichoma kwa bambo, kile chuma chenye ncha kali na mfereji katikati, akapokea kiganjani punje zilizoteremka, akazitazama rangi, akazinusa, kisha akaitia moja kinywani na kuivunja kwa meno ili ajue kama imekauka au ingali na maji. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu yote ya mahindi: jicho, pua na jino. Mkulima aliielewa, na akiwa na hoja ya kuipinga aliipinga palepale, kwa kuwa yeye naye alikuwa na jicho, pua na meno. Siku hizi imeongezeka hukumu nyingine, isiyoonekana kwa jicho wala kuonjeka kwa ulimi, itolewayo na mashine za maabara na kuandikwa katika cheti. Nayo ndiyo nitakayoieleza hapa, kwa sababu nimefanya kazi ya nafaka muda mrefu wa kutosha kujua kwamba imewekwa kwa haki na kwa nia ya kuokoa roho za watu, lakini mzigo wake umetwikwa mtu asiyeweza kuubeba peke yake.

Sumukuvu ni sumu itokanayo na kuvu, hasa ile iitwayo Aspergillus flavus, ambayo maskani yake ni udongoni, ikaingia katika mahindi na karanga aghalabu wakati ukame umeudhoofisha mmea shambani, kisha ikastawi zaidi ikiwa mazao yamevunwa hayajakauka, yakarundikwa sakafuni au kufungiwa katika magunia yakiwa bado na unyevu. Elimu yake si ya kale. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa maradhi ambayo matabibu wa mifugo hawakuyatambua, hata ikabainika kwamba chakula chao kilitiwa mashudu ya karanga kutoka Brazil, na mashudu yale yalikuwa yameingia kuvu. Tangu hapo wataalamu wamethibitisha kwamba sumu hii hushambulia ini. Ikiwa nyingi huua kwa muda wa siku chache, na ikiwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na hatari hiyo huzidi sana kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Wala haiondoki kwa moto wa jikoni: ugali ulioiva barabara, uliosongwa na mama hodari kuliko wote, hubaki na sumu ileile iliyokuwamo katika unga.

Ndiyo maana sijiungi na wale wasemao kwamba viwango hivi ni uzushi wa wageni wa kututilia vikwazo katika biashara. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui zikiwa mbele, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68, wakafariki 20. Na hapa naomba msomaji ashike jambo moja, maana hoja yangu yote imesimama juu yake: wengi wa wale waliougua kule Kenya hawakununua sumu dukani. Walikula mahindi waliyoyalima wenyewe, waliyoyahifadhi wenyewe, na waliochunguza msiba ule waliona kwamba nyumba zilizopatwa zilikuwa na desturi, kuliko nyumba nyingine, ya kuweka mahindi mabichi ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghalani. Atakayeuliza kwa nini mtu aweke mahindi mabichi chumbani na ajue kwamba mwaka wa njaa mahindi ghalani huibwa.

Sasa tuitazame sheria. Kiwango cha Afrika Mashariki huruhusu mahindi yawe na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 katika sehemu bilioni, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Tarakimu hiyo ya kwanza ni vigumu kuiwaza, basi niiweke kwa namna nyingine: katika gunia halali la kilo 100, si lumbesa, sumu yote inayoruhusiwa ni miligramu moja. Marekani huruhusu 20, Umoja wa Ulaya kwa nafaka ya kuliwa huruhusu 4, na Kenya yenyewe wakati wa msiba wa 2004 ilikuwa ikiruhusu 20. Kwa rai yangu kiwango chetu hakikupita kiasi. Mtu ambaye huonja mahindi mara moja kwa mwezi aweza kuvumilia zaidi. Lakini je, mtoto wa Kondoa au wa Machakos, aliyeachishwa ziwa kwa uji wa mahindi na karanga, akalelewa kwa ugali mchana na usiku? Uchunguzi uliofanywa Benin na Togo na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na sumukuvu nyingi zaidi katika damu ndio waliokuwa wamedumaa zaidi.

Taabu inaanzia katika kupima. Gunia moja lina punje zinazokaribia 300,000, na sumu haikai sawasawa ndani yake kama chumvi katika mchuzi. Hukaa katika punje chache zilizooza, na moja tu katika hizo, ikiwa imeharibika sana, hutosha kuzipitisha kiwango kilo kadhaa zilizo safi. Kwa hiyo bambo likipita karibu na punje ile gunia limehukumiwa, likipita kando limeachiliwa. Mwenye lori la tani 30 anaweza kulipa sampuli nyingi zichukuliwe, zisagwe, zichanganywe na kupimwa, hata apate jibu lililo karibu na haki. Mwenye magunia matano hana njia hiyo. Na tuseme lori lile lenye magunia 300 limejazwa na wakulima 60, kila mmoja na matano yake: likifeli mpakani au kiwandani, nani atajua ni magunia ya nani yaliyotia sumu? Mwenye bidii aliyeanika kwa uangalifu na mwenzake aliyeyafunga mahindi mabichi hupewa hukumu moja, na mwaka unaofuata yule mwenye bidii hana sababu ya kibiashara ya kujisumbua.

Hayo hayakubaki katika makaratasi. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakasimama Namanga. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wajiandikishe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi 10. Masharti hayo ni ya insafu kwa mlaji wa Nairobi. Lakini cheti ni cha shehena, na shehena ni mali ya mfanyabiashara. Mkulima hana shehena, ana magunia. Gharama ya kupima, siku za kungoja majibu, na hofu ya lori zima kukataliwa, vyote mfanyabiashara huvipigia hesabu kabla hajaondoka kijijini, na mahali pepesi pa kuvikatia ni bei ya kule shambani, ambako muuzaji anadaiwa ada ya shule na hana ghala la kungojea. Hivyo sheria ambayo haikumtaja mkulima mdogo hata kwa neno moja ndiyo inayomkata mfukoni, naye hapewi karatasi yoyote ya kumweleza amekatwa kiasi gani na kwa nini.

Nilimkuta mama mmoja katika hali hiyo, mkulima wa ekari tatu, kijijini kwake si mbali na soko nililolitaja. Uani palikuwa na magunia manne yaliyorudishwa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usiyakanyage hayo mahindi." Mahindi mengine aliyaanika palepale chini, juu ya maturubai? La, juu ya viroba vya zamani vilivyopasuliwa na kutandikwa, udongo ukiingia katika matobo na kuku wakipita. Dalali alimwambia neno moja tu, kwamba yale manne yana sumu. Hakumwonyesha cheti wala tarakimu. Nilipomuuliza atayafanyia nini, hakujibu upesi, akayatazama magunia, kisha akasema, "Nina wajukuu watano. Unataka niyapeleke wapi?"

Jawabu lake lilinishughulisha kuliko mikutano mingi niliyohudhuria, kwa kuwa limegusa tundu kubwa lililo katikati ya utaratibu wetu. Sheria ina mlango wa kuyakataa mahindi, haina mahali pa kuyapeleka. Yaliyokataliwa kiwandani hayapotei. Hurudi sokoni kwa bei ya chini, akayanunua maskini, au hurudi nyumbani yakaingia katika chungu. Na hata pasipokuwa na hukumu ya maabara, mkulima mwenyewe huchambua, akapeleka sokoni yaliyo meupe na kunona kwa sababu ndiyo yenye bei, akabaki na yaliyovunjika na yenye madoa, mengine akayafanya pombe, mengine akawapa kuku, na njaa ikibisha hodi akayala. Kwa hiyo kadiri sheria inavyokaza mlango wa mjini bila kufanya lolote kijijini, ndivyo sumu inavyosukumwa irudi kwa aila ya mkulima. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilizuia chapa tano za unga wa mahindi kwa kuvuka kiwango, na magazeti yalizitaja zote. Unga usagwao kijijini kwa debe hauna chapa ya kuzuiwa wala gazeti la kuutaja.

Yule mama nilimweleza nilichokijua: ayachambue tena punje kwa punje, ayakoboe kabla ya kusaga, kwa maana sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini, na pumba asimpe ng'ombe anayekamuliwa, kwani sumu hupita ikaingia katika maziwa. Alinisikiliza kwa adabu. Lakini kukoboa kunapunguza unga, na yeye alikuwa na vinywa vya kulisha. Nasaha yangu ilikuwa sahihi na ilikuwa ghali.

Nchini Tanzania chakula kilisimamiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa kwa sheria ya 2003, kisha mwaka 2019 kazi hiyo ikahamishiwa Shirika la Viwango. Shirika hilo limekuwa likiwahudumia wajasiriamali wadogo wanaoletwa na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wale wa unga wa lishe, asali na karanga za kusaga, bila kuwatoza ada ya alama ya ubora kwa miaka ya mwanzo. Huo ni uamuzi wa busara, nao unathibitisha kwamba dola yaweza kuubeba mzigo wa kupima pale mwenye mali asipouweza. Sioni kwa nini auni hiyo iishie kwa asagaye karanga, isimfikie azilimaye.

Wala vitu vinavyotakiwa si vya ajabu. Turubai la kuanikia, ili nafaka isiguse udongo. Kipimo cha unyevu kimoja kwa kijiji, kikae kwa mtendaji au katika ghala la chama cha msingi, kila mtu apime bure kabla hajafunga gunia. Mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Shambani, dawa iitwayo Aflasafe, iliyosajiliwa Tanzania tangu 2018, ambayo ni mtama uliopakwa kuvu isiyo na sumu. Humwagwa kilo 4 kwa ekari wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, ikaitangulia kuvu yenye sumu na kuinyima nafasi. Na juu ya yote, mahindi yatakayokataliwa kwa ajili ya siha ya umma yanunuliwe au yabadilishwe kwa mema, kama walivyopelekewa nafaka badala watu wa Makueni mwaka ule wa msiba. Ukimnyang'anya mtu chakula kwa maslahi ya wote, basi wote na walipe.

Hadi hapo patakapofikiwa, kila nyumba inacho kipimo kimoja rahisi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi kiasi cha theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, itikise vizuri, kisha iache robo saa. Chumvi ikigandamana ubavuni mwa chupa, mahindi yana unyevu uliozidi asilimia 15, yarudi juani. Isipogandamana, yanakaribia, yaanike siku moja zaidi ndipo uyafunge. Kipimo hiki hakionyeshi sumu, huonyesha maji tu, lakini pasipo maji kuvu haistawi.

Waheshimiwa madiwani na wabunge wa mikoa ya mahindi wanapojadili bajeti, nawaomba waulize swali moja: katika fedha za usalama wa chakula, ni kiasi gani kinatumika mpakani na maabara za mjini, na ni kiasi gani kinafika uani ambako mahindi huanikwa? Msimu uliofuata nilipita tena kwa yule mama. Alikuwa ameuza kuku sita, akanunua turubai moja. Kipimo cha unyevu hakijafika kijijini kwake.