Je, Wajua? Petroli na Mashine ya Kukatia Majani

Je, wajua kwamba kinachowaka si petroli yenyewe bali mvuke wake? Mvuke huo hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa husubiri joto linalokaribia nyuzi 40 juu ya sifuri, kwa hiyo mazoea ya jikoni yasikuponze.

Wajua pia kwamba mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4? Haupai. Unatambaa ardhini, unatuama kwenye kona za banda, na ukifika kwenye jiko la mkaa lililo mita kadhaa, moto hurudi kwa njia ileile hadi kwenye dumu uliloshika. Jaza nje, penye upepo.

Hatari kubwa kuliko zote ni ekzosi. Mafuta yameisha, nusu ya uwanja bado, tajiri anasubiri, na mkataji anataka kuongeza chapchap. Ekzosi ya mashine iliyotoka kazini ina joto la mamia ya nyuzi. Petroli ikidondokea hapo inaweza kuwaka bila kiberiti wala cheche. Zima, subiri dakika 10 hadi 15. Ivue begani, iweke chini, pangusa vumbi na majani kwenye mfuniko, kisha ufungue taratibu presha itoke. Kumiminiwa mafuta ukiwa bado umeivaa mashine, jambo linaloonekana sana kando ya barabara zetu, kukome kabisa.

Wajua kwamba dumu likijazwa juu ya pikapu yenye zulia la plastiki hujikusanyia umeme tuli? Lishushe chini, na mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu. Usijaze pomoni: lita 20 zikipanda joto kutoka nyuzi 20 hadi 40 huongezeka zaidi ya theluthi moja ya lita.

Mashine ya kuchanganya oili kwa uwiano wa 50 kwa 1? Lita 5 za petroli, mililita 100 za oili. Changanyia kwenye dumu.

Moto ukitokea usimwagie maji. Petroli huelea juu yake na kusambaa ikiwaka. Tumia mchanga mkavu au kizimamoto cha unga.

Nguo ikilowa petroli, badilisha kwanza. Kisha funga mfuniko, futa iliyomwagika, na usogee mita 3 kutoka ulipojazia kabla ya kuvuta kamba.