Kwa nini kioo cha simu huwa cheusi juani?

Umeacha simu juu ya turubai ulikoanika mbaazi, na jua la saa saba limeipiga. Unaichukua upige, kioo ni cheusi kabisa. Lakini ukipigiwa, inaita. Msikilizaji wetu, kabla hujapanda bodaboda kwenda kwa fundi Babati mjini, iweke kivulini kwanza. Mara nyingi kioo hurudi chenyewe.

Kuna nini ndani ya kioo?

Simu nyingi za bei nafuu, na hata kikokotoo cha dukani, zina kimiminika maalumu kati ya vioo viwili vyembamba. Kinaitwa fuwele kimiminika. Kinatiririka kama maji, lakini chembe zake zimejipanga. Fikiria ng'ombe wanaopelekwa mnadani: kila mmoja anatembea kivyake, ila wote wameelekea upande mmoja. Umeme wa betri huzigeuza chembe hizo, na hapo mwanga hupita au huzuiwa. Ndivyo herufi na picha zinavyoonekana.

Joto likizidi, ng'ombe hutawanyika. Mpangilio hupotea, na kioo huwa cheusi. Kikipoa, hujipanga tena.

Jambo hili liligunduliwa mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria. Alipasha moto kitu kilichotokana na kolesteroli. Kwenye nyuzi joto 145.5 za sentigredi kiliyeyuka kikawa na ukungu. Kwenye nyuzi 178.5 kikawa angavu.

Picha zinasaidiaje?

Leo watafiti huweka tone la kimiminika hicho chini ya hadubini, katikati ya vichujio viwili vya mwanga, kisha hulipasha moto polepole huku kamera ikipiga picha. Kila hali ina sura yake: nyuzinyuzi, madoa ya rangi, au giza tupu. Kompyuta hugawa kila picha katika nukta nyingi na kupima mwanga wa kila nukta. Pale namba zinaporuka ghafla, ndipo hali imebadilika. Jicho la mtu linaweza kuchelewa kuona. Hesabu huonyesha mapema.

Njia hiyo hutumika pia kupima vimiminika vilivyochanganywa na chembe ndogo mno, kwa mfano za dhahabu. Chembe hizo zinaweza kupandisha au kushusha joto la kubadilika, na nyingine hupunguza umeme unaohitajika. Zikizidi, huganda mafungu mafungu, na picha huyafichua.

Ufanye nini?

Zima simu, iweke kivulini, subiri ipoe. Usiitie kwenye friji wala majini, kwa sababu unyevu utaiharibu. Usiizoeshe jua, maana joto huchakaza betri. Ikiwa imepoa kabisa na kioo bado ni cheusi, au kina ufa, sasa mwone fundi.