Kiherehere cha Moyo Jukwaani: Yanayotokea Mwilini mwa Mwanafunzi Anapohutubu

Abiria atokaye Morogoro kwenda Iringa hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na aghalabu huwaona swala pala wakila majani hatua chache kutoka kwenye lami. Iwapo simba atatokeza, mmoja wao hukoroma na kundi zima huruka. Katika muda huo mfupi moyo wa swala huenda mbio, damu humiminika kwenye misuli ya miguu, na kazi ya kusaga chakula husimama. Hana haja ya kusaga majani ikiwa punde yeye mwenyewe aweza kuwa chakula.

Sasa tumtazame mwanafunzi wa Mikumi aliyechaguliwa kwenda Kilosa, makao makuu ya wilaya, kushindana katika kutoa hotuba. Ukumbini hamna simba. Mna waamuzi nyuma ya meza, walimu, na wanafunzi wa shule nyingine ambao hawajapata kumwona. Walakini jina lake litajwapo, yaliyompata swala humpata na yeye: moyo hudunda, mate hukauka, magoti hulegea, viganja hutoa jasho.

Mambo haya hayaletwi na udhaifu wa tabia. Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Ubongo ukiisha kuamua kwamba pana hatari, hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu, na tezi hiyo humwaga adrenalini katika damu. Kemikali hiyo ilitengwa katika hali ya fuwele mwaka 1901 na Jokichi Takamine, mwanakemia Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Baadaye Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu alichokitoa mwaka 1915, alieleza kwamba mabadiliko haya yote yana shabaha moja, yaani kumtayarisha mnyama apigane au akimbie. Bahati mbaya, mhutubu haruhusiwi kufanya lolote kati ya hayo mawili. Nguvu iliyoandaliwa kwa ajili ya miguu hubaki bila kazi, na ndiyo inayotetemesha karatasi mkononi. Misuli ya koromeo nayo hukaza, sauti ikapanda juu kuliko ilivyo kawaida yake. (Sisi husema mtu amepata tumbo joto, kwa hakika damu hulikimbia tumbo wakati huo, ila lugha haikosi kuwa na sababu zake.)

Yafaa msomaji ajiulize kwa nini ubongo ufananishe waamuzi na simba. Mwaka 1993 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitangaza jaribio ambalo limetumika katika nchi nyingi tangu hapo: mtu hupewa muda mfupi wa kujiandaa, kisha husimama mbele ya watu wasioonyesha tabasamu na kuhutubu kwa dakika 5, halafu hufanya hesabu kwa sauti. Kiasi cha kotisoli, homoni nyingine ya tezi ile ile, kilipanda katika mate yao mara 2 hadi 4. Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walichambua matokeo ya tafiti 208 za namna hii. Waliona kwamba kazi zilizoipandisha kotisoli zaidi ni zile ambazo mtu hupimwa na wenzake, naye hana uwezo wa kuyaongoza matokeo. Mwanadamu hawezi kuishi peke yake. Kudharauliwa na watu wake ni hatari iliyo kweli, wala ubongo haukosei sana kuihesabu pamoja na meno ya mnyama.

Kwa mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hatari hiyo ina sura ya pekee. Shule nyingi za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili; kuanzia kidato cha kwanza masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na hotuba za mashindano mara nyingi huwa kwa lugha hiyo hiyo. Anayehofu kuchekwa kwa kosa la sarufi huifanya akili yake kazi mbili kwa pamoja: kusema, na kujisahihisha kabla ya kusema. Nafasi ya akili ya kushika mambo kwa muda mfupi ni ndogo, na hofu nayo huidai sehemu yake. Hapo ndipo hotuba iliyokaririwa neno kwa neno hukatika. Mwandishi wa makala haya aliwahi kusimama hivyo akiwa kijana. Neno moja lilimtoka, na yaliyofuata yote yakaondoka nalo kama shanga zilizokatika uzi. Ni afadhali kushika mpangilio wa hoja, na kukariri sentensi mbili au tatu za mwanzo tu, kwa kuwa mwanzoni ndipo hofu huwa kali zaidi.

Kuiondoa hofu yote si lazima. Robert Yerkes na John Dodson, waliofanya majaribio kwa panya mwaka 1908, waliona kuwa katika kazi ngumu msukumo wa wastani ulileta mafunzo ya haraka kuliko msukumo mdogo mno au mkubwa mno. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks alionyesha kwamba wahutubu waliojiambia kuwa wana hamasa walihutubu vizuri kuliko waliojiambia watulie. Moyo uendao mbio ni ule ule. Jina lake ndilo lililobadilika.

Lipo pia kosa la macho ya nafsi. Mhutubu hudhani kila mtu anaiona hofu yake, kumbe wasikilizaji huona sehemu ndogo tu. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich waliwaeleza wahutubu jambo hili kabla ya kusimama, na katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2003 hotuba za watu hao zilikuwa bora. Mwalimu aweza kulieleza kwa dakika mbili garini.

Pumzi nayo husaidia. Moyo hupunguza mwendo kidogo kila mtu atoapo pumzi. Kwa hiyo kuivuta taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi, mara kadhaa kabla ya kuitwa, huutuliza.

Lakini dawa iliyo kubwa ni mazoea. Wale swala wa kando ya barabara hawalikimbii lori, kwa sababu wameona malori mengi mno. (Mazoea hayo huwaponza pia, kwani wanyama wengi wamegongwa katika barabara hiyo.) Mwanafunzi aanze kuhutubu mbele ya rafiki mmoja, kisha darasa, kisha gwaride la asubuhi, akiwa amesimama na kwa sauti kamili. Kusoma kimya kitandani hakumzoezi mtu macho ya watu.

Adrenalini hukaa katika damu dakika chache tu, bali kotisoli hufikia kilele dakika 10 hadi 20 baada ya jaribio kwisha. Ndiyo sababu mwanafunzi aliyekwisha kukaa kitini huendelea kuhisi kwamba ameharibu kila kitu. Asiihukumu hotuba yake katika muda huo. Angoje hata gari la kurudi Mikumi lipite Ulaya, yaani ile Ulaya ya Kilosa.