Kamenge, Mtaa Unaobeba Historia ya Burundi

Mtanzania anayekwenda Bujumbura kwa njia ya Kigoma huingia mjini akitokea kusini. Huvuka mpaka wa Mugina, akapita Nyanza-Lac na Rumonge, Ziwa Tanganyika likiwa mkono wake wa kushoto, hadi katikati ya mji penye maduka na mabenki. Wengi humaliza shughuli zao hapo na kugeuza. Kamenge iko upande wa pili, kaskazini, pale uwanda wa Imbo unapokwisha na milima kuanza, na ni wachache wa kwetu wanaofika huko. Hiyo ni hasara, kwa maana sijui mtaa mwingine wa Burundi unaoieleza nchi hiyo vizuri kuliko huu.

Zamani Kamenge ilikuwa komuni kamili, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya mkoa. Komuni 13 za Bujumbura zilipounganishwa zikawa 3, yenyewe ikawa zoni chini ya Ntahangwa, komuni iliyopewa jina la mto unaoteremka kutoka milimani na kukata jiji. Majirani zake ni Ngagara, Cibitoke, Kinama na Gihosha. Ndani yake kuna vitongoji kama Mirango, Songa, Teza na Heha. Heha ndio mlima mrefu kuliko yote Burundi, na Teza inajulikana kwa mashamba yake ya chai, kwa hiyo mkazi wa bondeni humu hutaja milima kila anapotoa anwani yake.

Barabara kuu ya kwenda bara, ile ya Bugarama, huanza kupanda kutokea upande huu, na stendi ya mabasi ya mikoani, inayoitwa Gare du Nord, iko hapa. Ukisimama kandokando asubuhi utaona waendesha baiskeli wakiteremka kwa kasi ya kutisha, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma na pembeni hadi mtu mwenyewe haonekani ila kichwa. Wakati wa kurudi hakuna miguu inayoweza mlima ule. Kijana hunyoosha mkono, akashika chuma cha nyuma cha lori, akavutwa mpaka juu kwenye baridi. Wengine wamepoteza maisha kwa kazi hiyo. Ndizi wanazoteremsha ndizo zinazolisha jiji.

Historia ya Kamenge ni nzito, na wenyeji hawaifichi. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeongoza chama cha UPRONA kwenye ushindi wa uchaguzi, aliuawa Oktoba 13, 1961. Januari iliyofuata, kabla hata bendera ya uhuru haijapandishwa, vijana wa mrengo wa chama hicho waliivamia Kamenge, wakachoma nyumba na kuua viongozi Wahutu wa siasa na wa vyama vya wafanyakazi. Uhuru ulikuja Julai 1, 1962, lakini jeraha lilikwishafunguka.

Baada ya Rais Melchior Ndadaye, Mhutu, kuuawa Oktoba 21, 1993, miezi mitatu tu tangu aapishwe, mitaa ya kaskazini iligawanyika. Ngagara na Cibitoke zikabaki na Watutsi, Kamenge na Kinama zikabaki na Wahutu, na majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakawa hawawezi kuvuka barabara. Katikati ya mwaka 1995 jeshi liliingia Kamenge na watu wakaihama. Wako waliopanda milimani, wako waliovuka kwenda Uvira, na wako waliofika kwetu, katika kambi za Kigoma na Ngara. Msomaji wa Kasulu au Kibondo huenda amewahi kununua mboga kwa mtu wa Kamenge bila kujua.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni Kituo cha Vijana cha Kamenge. Kilianzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya vijana wa mitaa sita ya kaskazini, Wahutu na Watutsi, Wakristo na Waislamu. Vita vilikikuta kikiwa kichanga. Viwanja vya mpira, maktaba na madarasa ya lugha vikawa mahali ambapo kijana wa Ngagara angeweza kumpa pasi kijana wa Kinama, na katika likizo vijana hao hao wakashirikiana kujenga upya nyumba zilizobomolewa. Mwaka 2002 kituo kilipewa tuzo ya Right Livelihood, ambayo wengi huiita Nobel mbadala. Kwa maoni yangu kilistahili zaidi ya hapo.

Misiba haikuisha na mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000. Septemba 2014 masista watatu Waitaliano waliuawa katika nyumba yao parokiani Kamenge, na Agosti 2, 2015 Jenerali Adolphe Nshimirimana, aliyewahi kuwa mkuu wa ujasusi wa nchi, akauawa kwa shambulio barabarani hapa hapa. Hata hivyo soko linajaa, na Hospitali ya Chuo Kikuu, ambayo wengi huiita Roi Khaled kwa jina la mfalme wa Saudia, inapokea wagonjwa wa kila kabila.

Kiswahili kitakufikisha popote katika mtaa huu. Basi ndugu msomaji, safari yako ya Bujumbura isiishie ufukweni. Panda Hiace ya kaskazini, shuka Kamenge, uliza kilipo kituo cha vijana, kisha waombe wazee wakusimulie ya mwaka 1962 wangali hai.