Mtoto Asiyesikia Si Mtoto Mjinga: Faida ya Mafunzo ya Walimu

Katika nchi ya Kisa, ambayo leo ndiyo kaunti ndogo ya Khwisero katika Kaunti ya Kakamega, ni vigumu kumpata mzazi asiyejua thamani ya shule. Mkulima yu tayari kuuza ndizi zake, au hata ndama, ili mtoto apate sare na vitabu. Lakini yuko mtoto ambaye mara nyingi huachwa nyuma, naye huitwa mvivu au mjinga. Huyu ni mtoto asiyesikia vema, au asiyeona vema, au ambaye hushika mambo polepole kuliko wenzake. Jengo jipya peke yake halitamsaidia. Anayemfaa kwanza ni mwalimu aliyefunzwa kumfundisha.

Hapo zamani njia ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ndefu. Mtoto asiyeona alipelekwa Thika, ambako Jeshi la Wokovu lilifungua shule mwaka 1946. Kwa viziwi, shule zilifunguliwa Mumias na Nyang'oma mwaka 1961. Mumias si mbali na Khwisero, kwani mtu hupitia Butere tu akafika. Hata hivyo nafasi hazikuwatosha wote, na aliyekosa nafasi alibaki nyumbani kuchunga ng'ombe.

Baada ya Uhuru, Serikali iliunda kamati mwaka 1964 chini ya Bwana Ngala Mwendwa ili ichunguze hali ya watu wenye ulemavu. Mwaka 1984 vilianzishwa vituo vya kuwapima watoto, kwa msaada wa nchi ya Denmark. Kisha mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, ijulikanayo kwa jina la KISE, ambayo makao yake yako Kasarani, Nairobi. Walimu wa Khwisero wana bahati nyingine tena, maana Chuo Kikuu cha Maseno, kilicho jirani, nacho hufundisha elimu maalum.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, ikampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule zilizo pamoja na jamii, kwa kadiri imfaavyo. Basi mlango umefunguliwa kwa sheria. Lakini mtoto aweza kuingia mlangoni, akaketi darasani miaka mingi, asijifunze neno, ikiwa mwalimu hajui namna ya kumfikia.

Je, mwalimu aliyefunzwa ana ujuzi gani? Kwanza hujua kutambua. Humwona mtoto ageuzaye sikio upande mmoja, au akodoaye macho mbele ya ubao, naye hafanyi haraka kumpa adhabu. Husimama nyuma yake, akamwita jina kwa sauti ndogo, aone kama ataitika. Pili, hujua kurekebisha mafundisho yake. Mtoto huyo humketisha mbele, penye mwanga. Anenapo huelekea darasa, wala hasemi huku ameupa uso ubao. Huandika kwa herufi kubwa, na kazi ndefu huigawa katika sehemu fupi. Wengine husoma zaidi, wakajua Lugha ya Ishara ya Kenya au maandishi ya nukta nundu, ambayo herufi zake zote hutokana na nukta sita tu. Mkulima mwenye busara haitukani mbegu kabla hajauchunguza udongo; na mwalimu vivyo hivyo.

Mafunzo haya hayamlazimu mwalimu kuiacha kazi yake. KISE huwafundisha walimu kwa masomo ya mbali, nao hukutana darasani wakati wa likizo. Lakini taabu zipo. Wengi hujilipia karo wenyewe, madarasa yao yamejaa, na pengine mwalimu mmoja tu shuleni ndiye mwenye ujuzi huo. Akihamishwa, ujuzi wote huondoka pamoja naye. Kwa hiyo haifai elimu hii iwe ya mtu mmoja. Imempasa aliyesoma kuwafundisha wenzake, na kamati ya shule ifikirie kusaidia nauli au karo ya mwalimu apendaye kusoma, kama inavyofikiria mabati na madawati.

Wazazi nao wana sehemu yao. Maradhi kama surua na homa ya uti wa mgongo yaweza kuharibu masikio, na usaha utokao sikioni mara kwa mara si jambo la kupuuza. Mpeleke mtoto hospitali mapema. Ukiona hasikii au haoni vema, mwambie mwalimu, kisha mpeleke kwenye kituo cha kupima watoto. Usimfiche nyumbani kwa kuona haya, wala usikubali aitwe mjinga kabla hajapimwa.

Mtoto huyo ni mtoto wa Kisa kama wengine. Akifundishwa kwa njia imfaayo, aweza kuwa karani, fundi, mkulima au mwalimu. Akiachwa, atakuwa mzigo kwa ndugu zake, si kwa sababu ya masikio yake wala macho yake, bali kwa sababu sisi hatukumwandalia mwalimu.