Mpaka wa Lusangi umeandikwa mara ngapi ndani ya faili yako?

Anayeandika kazi ya mwisho wa masomo juu ya chanjo, maji ao barabara za huku kwetu Kasongo na Kabambare, siku moja atatumiwa ramani ya zoni za afya. Ataifungua, ataona Lusangi, Kunda, Kasongo, Kabambare, Saramabila, rangi zote safi. Lakini ramani inaweza kupendeza macho na ndani iwe mbovu. Mara nyingi chanzo ni aina ya faili.

Tuanze na neno lenyewe. Topolojia inaangalia mambo yasiyobadilika hata ukivuta ramani sawa vile mpira: nani anapakana na nani, nini kiko ndani ya nini, wapi pameungana na wapi pamekatika.

Sasa angalia Shapefile ya kampuni ya Esri, iliyoenea tangu miaka ya 1990. Kwanza, si faili moja: .shp inabeba maumbo, .shx faharasa, .dbf jedwali. Mwenzako akikutumia .shp peke yake, majina ya zoni yamebaki kwake. Tena jina la safu halipiti herufi 10, ndiyo maana ZONE_DE_SANTE inarudi ZONE_DE_SA.

Hayo ni madogo. Kubwa ni hili: kila zoni inachorwa peke yake. Mpaka kati ya Lusangi na jirani yake unaandikwa mara mbili, kila mmoja na wake. Ukisogeza nukta upande mmoja, upande wa pili hausogei. Basi panabaki pengo, ao zoni mbili zinapandana. Kijiji kilichoanguka ndani ya pengo hakina zoni: kompyuta ikigawa dozi za chanjo, watoto wake hawamo. Kilicho kwenye mpandano kinahesabiwa mara mbili.

GeoJSON, iliyowekewa kanuni rasmi mwaka 2016, ina tabia ile ile. GeoPackage inakusanya yote ndani ya faili moja, jambo zuri kwa kutumiana, lakini nayo kwa kawaida inachora kila zoni mbali.

TopoJSON ya Mike Bostock inafanya vingine. Mpaka wa pamoja unaandikwa mara moja tu, sawa uzi wenye namba. Tuseme Lusangi imeundwa na uzi wa 3, wa 7 na wa 12. Jirani yake anataja uzi ule ule wa 7, ila anaupita kinyume. Uzi ukisogea, zoni zote mbili zinasogea. Na faili inapungua, bando inapona.

Kwa barabara, fikiri ile ile iko ndani ya OpenStreetMap, iliyoanza mwaka 2004: kila nukta ina namba, na njia mbili zinazokutana zinataja nukta moja. Ukizigeuza kuwa Shapefile, namba hizo zinapotea, mistari inabaki imekaribiana tu. Mstari ukiishia metre moja kabla ya daraja, jicho linaona barabara inapita; kompyuta inasema ng'ambo hakufikiki.

Ufanye nini? Tunza faili ya asili, geuza nakala tu. Ndani ya QGIS, programu ya bure, kuna kifaa cha kukagua topolojia: kiambie kitafute mapengo na mipandano. Usifikiri kugeuza Shapefile mbovu kuwa TopoJSON kutaiponya. Pengo lililokuwemo litabaki, lirekebishe kwanza.

Halafu fanya jaribio hili kabla ya kupeleka kazi kwa mwalimu. Chukua orodha ya vijiji vyote, na mbele ya kila kimoja andika kiko ndani ya zoni ngapi. Jibu sahihi ni 1. Usitosheke na jumla, maana kijiji kimoja kilichopotea na kingine kilichohesabiwa mara mbili vinafichana. Ukiona 0, tafuta kijiji hicho kwa jina: kuna watoto kule.