Kwa nini maji ya chumvi yanatiwa sukari

Boti zinazoondoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwenda kaskazini hupita vijiji vilivyobanwa kati ya milima na ziwa mpaka Kagunga, jirani na mpaka wa Burundi. Mei 2015 kijiji hicho kilipokea makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa kwao. Vyoo havikutosha, watu walikunywa maji ya ziwa, na kipindupindu kikaingia. Nyuma yao ilikuwa milima mikali, kwa hiyo MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ndiyo iliyobeba wengi wao hadi Kigoma mjini. Walifikia Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Watu wapatao 30 walikufa mwezi ule. Maelfu waliugua, na karibu wote wakapona.

Kwa hao waliopona ndipo ninapoanzia kufundisha pathofiziolojia, yaani elimu ya namna ugonjwa unavyovuruga kazi za mwili. Wanafunzi wengi wa udaktari huliona somo hili kama kichaka kilichowazibia njia ya wodini. Wanakariri: kipindupindu, ORS (chumvi na sukari za pakiti za kuchanganya na maji ya kunywa), dripu. Kwenye mtihani jibu hilo linapata alama. Mimi nawauliza swali moja: ikiwa utumbo unamwaga maji kiasi kile, haya unayomnywesha mgonjwa yataingiaje mwilini?

Bakteria wa kipindupindu hawatoboi utumbo wala kuuchubua. Wananata kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kuachia sumu. Mtafiti S. N. De alilionyesha jambo hilo Kolkata, India, mwaka 1959, alipotia ndani ya utumbo wa sungura majimaji yaliyochujwa bakteria wote, utumbo ukajaa maji vilevile. Sumu hiyo huingia ndani ya seli na kukwamisha swichi moja isizimike. Milango ya kloridi hubaki wazi, kloridi inamwagika, sodiamu inaifuata, na penye chumvi maji huenda. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, choo chake kikiwa kama maji ya kuoshea mchele.

Lakini upo mlango ambao sumu haiugusi. Ni ule unaopitisha sodiamu ikiwa imeshikana na glukosi: moja ikikosekana, nyingine nayo haipiti. Zikiingia pamoja, maji huzifuata, safari hii kuelekea kwenye damu. Sukari iliyomo kwenye ORS ni ufunguo wa mlango huo. Ikizidi, mambo hugeuka, kwa sababu sukari inayobaki utumboni huvuta maji ya mwili; ndiyo maana soda haifai kuwa dawa ya kuharisha. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis, akiwa katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, aliishiwa dripu akawanywesha wagonjwa wake chumvi na glukosi. Vifo vikashuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Mwanafunzi aliyeielewa njia hii hahitaji kukariri yaliyoandikwa kwenye pakiti. Kwa lita moja ya maji kuna glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, sitrati 2.9 na kloridi ya potasiamu 1.5. Potasiamu inarudisha ile iliyotoka na choo. Sitrati imewekwa kwa sababu choo hicho huondoka pia na bikaboneti inayopunguza asidi, damu ikabaki na asidi nyingi.

Hapo kwenye asidi ndipo aliyekariri anapopotea. Mgonjwa anahema kwa kina na kwa haraka, naye anaandika nimonia, ingawa mapafu ni safi. Kumbe mwili unapumua hivyo ili kuipunguza asidi. Mkojo ukikatika, anafikiria dawa ya kukojoza, wakati figo zinasubiri damu tu. Mtu wa kilo 60 aliyekaukiwa sana anahitaji lita 6 za dripu ya Ringer laktati kwa saa 3, karibu lita 2 kati ya hizo zikiingia ndani ya nusu saa ya mwanzo. Dripu ya glukosi tupu haiwezi kazi hiyo, maana haina chumvi.

Swali gumu zaidi, hata hivyo, huulizwa na mzazi. Mama wa Ujiji amemnywesha mwanawe pakiti mbili na mtoto bado anaharisha. “Daktari, hii dawa mbona haifanyi kazi?” Asipopata jibu ataacha kumpa, na mtoto atakauka. Ninataka mwanafunzi wangu aweze kumjibu hivi: “Inafanya kazi, mama. Haizuii kuharisha, inarudisha maji yanayopotea. Ule ukuta wa utumbo ulioshikwa na sumu utabanduka wenyewe na mwingine utaota, siku chache tu. Mpaka hapo, kila akiharisha, mpe tena.”